Gasketi Uliyoikata kwa Makasi

Mwaura,

Barua hii nimeitia ndani ya kiatu chako cha kulia, kwa sababu begi najua hutalifungua mpaka ufike, lakini Olkaria huwezi kwenda na kiatu kimoja. Isome kabla hujafunga kamba. Ikiwa umesimama, keti.

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo utanishinda. Najijua. Nikianza kukugombeza utaniiga ninavyotembea nikiwa nimekasirika, mikono nyuma kama chifu, nitacheka, na hasira yangu itaisha kabla haijafanya kazi yake. Leo sitaki kucheka. Wewe umeenda Bondeni kuaga marafiki zako, nyumba imenyamaza, na nimepata nafasi ya kukukasirikia bila mtu kuniingilia.

Herufi ni kubwa hivi kwa sababu unayoijua. Sasa mtaa mzima unaijua.

Maneno ya kawaida nimeyaruka. Sitakuambia uvae sweta, sitakuambia ule vizuri, wala sitakuambia ujihadhari na wasichana wa Naivasha. Umekuwa mtu mzima, umepata kazi ya ufundi kwenye mitambo ya mvuke, na mtu asiyejua wakati wa kuvaa sweta hawezi kufundishwa na karatasi. Mimi nina jambo moja tu, lile la Mzee Kosgei na gari lake. Tangu siku ile umekuwa ukipika chai bila kuambiwa, umefagia hadi chini ya kitanda changu, ukadhani nimesahau. Sijasahau. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Wacha nianzie mezani, kwa maana wewe umeikuta ile meza tayari, ukaikulia, na sidhani ulishawahi kujiuliza ilitoka wapi.

Mimi nilikuwa nauza chai kwa mafundi, wewe ukiwa mgongoni. Siku moja Fundi Barasa, Mungu amrehemu, alikuwa ameng'oa tapeti kava ya gari moja la kizee, kile kifuniko cha juu ya injini kinachozuia mafuta yasiruke nje. Gasketi yake, ule utando unaokaa kati ya vyuma viwili usiruhusu mafuta kupita, ilikuwa imekatikakatika. Alizunguka maduka yote ya Nakuru akarudi mikono mitupu. Gari lenyewe lilikuwa halitengenezwi tena popote, gasketi yake ingetoka wapi? Nikamwambia anipe hicho kifuniko na boksi la sukari. Akacheka. Nilikipaka mafuta machafu ukingoni, nikakikandamiza juu ya boksi, kikaacha alama yake yote na matundu yake yote. Nikakata. Ikakaa sawasawa. Kesho yake alikuja na kava nyingine mbili, na chai yangu ikapoa kwenye birika.

Hivyo ndivyo nilivyoacha chai. Boksi likawa karatasi ya gasketi, karatasi ikawa kork, ile ya namna ya kizibo cha chupa. Mafundi wakaanza kuniita Mathe wa Gasket. Baba yako alipoondoka na kwenda alikokwenda, ni hiyo meza iliyokulisha. Sikuambii ili unishukuru. Nakuambia ujue ni kitu gani ulichokichezea.

Na usidhani nilizaliwa nikijua. Kulikuwa na kijana mmoja wa mashamba ya Rongai, babake alikuwa amemwachia gari dogo la mbio, la viti viwili, limeinama chini hivi kama kuku anayeatamia. Lilikuwa linavuja mafuta kwenye tapeti kava. Mimi, kwa werevu wangu, nikaona dawa ya kuvuja ni unene. Nikamkatia gasketi mbili, nikazibandika moja juu ya nyingine, nikapaka silikoni kama mtu anayepaka siagi ya bure, kisha nikashika spana mwenyewe nikakaza kwa uzito wangu wote. Nilikuwa na uzito siku hizo. Gari likarudi linavuja kuliko mwanzo. Nikaongeza silikoni. Likarudi tena.

Barasa ndiye aliyekichukua kile kifuniko akakilaza juu ya kioo cha dirisha. Kikawa kinayumba, huku kimegusa, huku hakijagusa. Akaniambia, "Mama Mwaura, umekaza na hasira. Kila mahali pa bolti bati limebonyea. Wewe unaangalia tu gasketi. Angalia chuma." Akanipa nyundo ndogo na kipande cha ubao, nikakaa chini siku nzima nikinyoosha pale palipobonyea, pole pole, hadi kikalala kwenye kioo bila kucheza. Halafu akanionyesha vipande vya silikoni vilivyokuwa vimedondoka ndani na kuanza kuziba chujio la mafuta. Kidogo tu injini ife kwa kiu na tumbo lake limejaa mafuta.

Yule kijana wa Rongai alipokuja, nilimwambia nimeharibu mimi. Alinitukana, Mwaura. Alinitukana mbele ya mafundi wote, matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayolala ndani ya kiatu cha mwanangu. Nililia nyuma ya kibanda. Lakini baada ya muda kidogo akarudi na gari la mjomba wake, akaliacha kwangu, wala hakuuliza swali. Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba matusi huisha. Mtu akishakutukana amemaliza, ametua mzigo wake. Aliyedanganywa hamalizi. Anaondoka nao, na kila akikumbuka anaongeza.

Sasa tuje kwako.

Mzee Kosgei alileta kava yake siku niliyokwenda kliniki ya macho. Unakumbuka. Alikuwa ametoka nayo Kuresoi, ameifunga kwa gunia la viazi, na ndani ameweka ile gasketi ya zamani pia, maskini, kwa sababu ni mtu asiyetupa kitu. Unalijua lile gari lake la kijani, la paa la turubai, ambalo babake alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akiondoka shambani. Analiweka kwenye ghala la viazi na kulifunika magunia. Hampi mtu kulishika. Watoto wake wamemwambia auze, amekataa. Kilichomleta kwetu badala ya kwenda kwa wale wa silikoni ni kwamba aliambiwa kuna mama Nakuru anayekata kwa mkono.

Akakukuta wewe. Ukamwambia, "Mzee, hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Kava ilikuwa mezani. Mafuta machafu yalikuwa kwenye mkebe, hapo hapo. Ungeipaka, ungeikandamiza, ungepata alama yake ya kweli. Wewe ukachukua ile gasketi kuukuu, ukailaza juu ya kork, ukaizungushia kalamu. Nimekuambia mara ngapi? Kork ikipikwa na injini miaka yote hiyo hujikunja, hupungua, huwa fupi. Ukiinakili unanakili ugonjwa wake. Halafu ukakata kwa makasi, kwa sababu nyundo inachosha, na kulikuwa na mechi. Ukampa mzee mkononi, akashukuru, akaenda zake.

Huko Kuresoi wakakuta matundu hayafikii bolti. Wakaivuta hadi ikafika. Gasketi iliyovutwa hutamani kurudi ilikotoka, hujivuta kwa ndani pale katikati ya bolti, na mafuta hupata njia. Wakaona yanavuja, wakakaza. Yakavuja zaidi, wakazidi kukaza.

Jumamosi ile mzee alikuwa analeta bibi yake kwenye harusi hapa mjini. Kwenye ule mteremko wa kabla ya Njoro mafuta yakamwagikia ekzosi, moshi ukajaa ndani ya gari, na mama wa watu akaruka na kofia yake akaangukia kwenye mtaro. Goti limechubuka, mkono umeteguka. Mimi nimeuona huo mkono kwa macho yangu, hayo unayosema hayaoni.

Akaja kwenye meza yetu moja kwa moja. Hakuenda hata harusini. Otieno alikuwa pale, na Karis, na wale vijana wa kupiga rangi, mafundi wote wamesimamisha kazi. Mzee akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, na sauti ya chini ndiyo mbaya, "Mama, mlitaka kunichoma na bibi yangu?" Akafungua boneti. Ukingo wa gasketi ulikuwa umetokeza nje kidogo, nikaupitisha kidole. Ukingo uliogongwa kwa nyundo hukwaruza kidogo. Huo ulikuwa laini. Nikajua saa hiyo hiyo ni makasi, na makasi mezani kwangu ni ya mtu mmoja.

Nikakuangalia. Nilikuwa nakupa nafasi. Haki ya Mungu, nilikuwa nakungoja wewe useme.

Ukasema, "Mzee, tusamehe. Mathe siku hizi macho imeisha. Jicho moja halioni kabisa. Mimi humwambia apumzike lakini hasikii."

Ukaniwekea mkono begani. Huo mkono, Mwaura. Ungenipiga kofi ningesahau mapema.

Siku niliyokuambia habari ya jicho tulikuwa jikoni, nachagua maharagwe ya githeri, na wewe ukanicheka kwa sababu nilikuwa nimeacha mawe ndani na kutupa maharagwe nje. Nikakaa chini nikakuambia. Nikakuambia la kushoto limeingia ukungu, na daktari amesema litatolewa huo utando lakini foleni ni ndefu. Nikakuomba usimwambie hata dada yako, kwa sababu atapiga simu kila jioni akilia. Ukaniahidi. Hukuniambia kwamba unaliweka neno hilo akiba, ulitoe siku utakayobanwa.

Na ulichagua vizuri. Ungesema uongo mtupu ningekukatalia pale pale mbele ya watu. Lakini ulichukua jambo la kweli ukalifunikia uongo, nikabaki nimefunga mdomo, kwa sababu ningejibu nini? Kwamba naona? Sioni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nguo yenyewe nilikushonea.

Ngoja nikuambie mambo yaliyofuata, kwa sababu wewe ulikuwa unazunguka kutafuta buti za kazi na suruali mpya. Karis alileta kava moja, akasimama, akaniangalia usoni, akairudisha ndani ya mfuko akasema amekumbuka kitu. Vijana wa rangi wananipisha njia na kuniambia "mathe, kuna jiwe hapo." Lile jiwe liko pale tangu kabla hawajazaliwa. Otieno, ambaye amekula githeri yangu hadi mkewe akalalamika, alinipa spana niliyomwomba akanifungia vidole juu yake, taratibu, kama anayempa mtoto sarafu ya sadaka. Nilitamani kumpiga nayo. Hasira naiweza. Kuhurumiwa siwezi, na huruma hiyo wewe ndiye uliyenigawia.

Basi Jumanne nilipanda gari hadi Molo, nikaunganisha hadi Kuresoi. Nilikuambia naenda kwa shangazi yako. Ndiyo, nilidanganya, na wewe huna ruhusa ya kulisema hilo. Baridi ya huko unaijua. Mzee Kosgei hakunikaribisha. Bibi yake ndiye aliyenikaribisha, na mkono wake uko kwenye kitambaa. Nikamwambia mzee nataka kulifungua lile gari mwenyewe, na akiona nimeshindwa anifukuze na mbwa. Akasema, "Mama, si unaambiwa huoni?" Nikamwambia tapeti kava haisomwi kama gazeti.

Nilifungua bolti. Nikaitoa gasketi yako. Nikapitisha vidole kwenye ukingo wa kava, nikakuta imebonyea kila palipo na bolti, vile vile kama mimi na kijana wa Rongai. Nikanyoosha juu ya ubao. Nikasugua ukingo kwa petroli hadi kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Nikapaka mafuta machafu, nikapiga alama kwenye kork, nikakata kwa nyundo, tok tok tok, kidole kikitangulia na nyundo ikifuata, polepole kuliko zamani, sikatai. Nikaibandika kwenye kava peke yake, upande wa injini nikauacha mkavu ili siku nyingine itoke bila kuchanwa. Bolti nikaanzia za katikati nikienda nje, kwa vidole kwanza, halafu spana kidogo tu, pale mkono unapohisi imekubali. Barasa angenisifu.

Lakini kabla sijawasha nikakumbuka jambo. Injini nayo inapumua. Kuna lile bomba la mpira linalotoka kwenye kava, kazi yake ni kutoa hewa inayojaa ndani. Nikalichomoa nikalipuliza. Halikupita kitu. Nikalikata kidogo kwa wembe, na unajua nilikuta nini? Nyigu. Nyigu wa tope walikuwa wamejenga humo, vyumba vitatu, vimekauka kama matofali. Gari linakaa kwenye ghala, halitembei mpaka kuwe na harusi, nyigu wakaona wamepewa nyumba. Pumzi ilikuwa haina pa kutokea, kwa hiyo ilikuwa inasukuma mafuta kupitia popote palipolegea.

Umenielewa? Hata gasketi yangu mimi ingevuja. Hata ya kiwandani ingevuja. Ungesimama pale Jumamosi ukasema, "Mzee, niliikata mimi, nilifanya haraka," ungetukanwa, ndiyo, lakini kesho yake tungeenda Kuresoi wawili, tungelifungua, tungewakuta nyigu, na lawama yako ingekatwa nusu ikabebwa na wadudu. Wewe uliogopa kubeba kosa zima na halikuwa hata zima. Uongo wako haukunichafua jina peke yangu. Ulificha ugonjwa wenyewe. Kama ningekaa nyumbani nikilia, mzee angekatiwa gasketi ya tatu mahali pengine, angewasha gari, na safari hiyo pengine moshi ungekuwa moto.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si Karis na mfuko wake. Kule unakokwenda hakuna tapeti kava. Kuna mabomba ya mvuke ambayo mtu huyapita akiwa mbali na bado anasikia joto usoni. Yote yamefungwa kwa bolti, na kati ya vyuma viwili kuna gasketi, na kuna mtu aliyeiweka. Siku moja mtu huyo atakuwa wewe. Utakuwa umechoka, kutakuwa na mechi, utaweka moja isiyokaa vizuri. Hilo nalijua, kila fundi atafanya hivyo siku moja. Halafu mkubwa wako atauliza, "Hii nani alifunga?" Ukiwa na ule ulimi wako wa Jumamosi utapata jina la mtu mwingine kwa urahisi kabisa, na jina litakaa, kwa sababu wewe huongea vizuri. Na wakati wanamgombeza huyo mwingine, kijana fulani wa mama fulani ataenda kusimama karibu na lile bomba akidhani liko sawa.

Mvuke haumwagikii ekzosi, Mwaura. Unamenya mtu.

Mimi nina sehemu yangu katika hili, na nitaisema mara moja tu. Ulipokuwa darasa la sita uliacha mlango wazi, ndama wa Mama Njeri akatoka akagongwa na lori. Nilimwambia Mama Njeri ni mimi niliyeuacha wazi. Ulikuwa umesimama nyuma ya sketi yangu, na nikahisi umepumua. Nilidhani ninakupenda. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuchelea, nikachelea tena, hadi ukajua kwamba kosa lako likianguka kuna mtu wa kuliokota. Sikutegemea ungejifunza kunirushia mimi mwenyewe.

Na sijapona ugonjwa huo. Lile gari lilipowaka huko Kuresoi, mzee aliinama na tochi akatazama pande zote za kava, akapitisha kidole, kikatoka kikavu. Akazima tochi, akaniuliza, "Mama, na ile ya kwanza ilikatwa na nani?" Nilikuwa na jina lako mdomoni, na nilikuwa nimekasirika vya kutosha kulitoa. Nikasema, "Ilikatwa mezani kwangu." Akatikisa kichwa. Alijua. Njia nzima hadi Molo nilikuwa nikijitukana, mwanamke mzima na gunia la viazi alilonipa bibi yake mapajani, kwa sababu nilikuwa nimekuokotea tena.

Hiyo ilikuwa ya mwisho.

Wewe una jina la baba yangu, na kwa sababu hiyo tangu uzaliwe nimekuita baba, hata ukiwa kwenye nepi. Utaona katika barua hii sijakuita hivyo popote. Baba yangu alikuwa na makosa mengi, alikunywa, aliuza shamba la watu, lakini alipouliza mtu "nani?" alikuwa akijibu "mimi" kabla swali halijaisha. Ilikuwa aibu wakati mwingine jinsi alivyojibu haraka.

Jana nilikwenda kule kwa mafundi kabla hawajafungua kazi. Niliwaita wote, Otieno, Karis na wale vijana. Nikasimama mbele ya meza yangu nikawaambia kwamba ni kweli, jicho la kushoto limeingia ukungu, la kulia ni zima, nangoja kufanyiwa kazi kliniki, na anayetaka kunionea huruma anionee huko kwake, asije nayo kazini. Nikawaambia gari la Mzee Kosgei nimelifunga kwa mikono hii na halivuji, aliye na shaka apande Kuresoi akapitishe kidole. Wakaangalia chini. Karis akakohoa. Siri yangu niliyokupa ukaitawanya, nimeiokota mwenyewe, sasa haina kazi tena kwako.

Ndipo Otieno akauliza, "Na ile iliyovuja, mathe? Ile ilikatwa na nani?"

Sikusema mimi. Sikusema wewe. Nikamwambia, "Mwaura anapita hapa kesho kutwa akienda stage kupanda gari. Mwulizeni."

Hiyo kesho kutwa ndiyo siku unayosoma barua hii. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikutegea. Otieno atakuuliza. Nimemwomba asikuulize pembeni kama rafiki, akuulize mbele ya wote, kwa sauti ile ile uliyotumia wewe. Kuna njia ya nyuma ya kupitia sokoni, naijua, na wewe unaijua, na ukipita huko utafika Olkaria salama na hakuna atakayekufuata. Kazi yako haitaondoka. Utabaki mwanangu, ukija Krismasi utakuta chakula. Mimi siwezi kukufukuza, nimejaribu kichwani wiki nzima na sijui ninavyoanza.

Lakini nitakuwa nimetangulia. Ukiamka utakuta chai kwenye thamosi na mimi siko. Nitakuwa mezani na kork yangu na nyundo, kwa sababu Karis amerudisha ile kava yake, na gari la watu linangoja. Ukifika sitainua kichwa. Usinitafute usoni kuona kama nimekasirika, usiniwekee mkono begani, na usinichekeshe. Ongea na Otieno tu. Sema jibu lako kwa sauti ya kawaida, kelele ya garage haitakushinda, maana nitakuwa nimesimamisha nyundo. Macho yangu uliyatangaza yalivyo. Masikio yangu, Mwaura, hayana shida yoyote.

Mama yako